Kisanduku cha Mzee Eliud

Sikia, Asifiwe, nimetoka kwa Rut sasa hivi. Hata sijui nianzie wapi.

Kachoma kisanduku cha baba yake. Chote.

Kile cha vidudu vya manyoya, unakikumbuka. Tangu mitumba ilipoanza kumiminika Kyela, Mzee Eliud alikuwa akifumua masweta apate nyuzi, anafunga manyoya ya jogoo kwenye ndoano mpaka mbasa, wale samaki wa mto Kiwira, wanadhani ni mdudu kweli.

Sasa leo mzee katoka, Rut anafagia chumbani kwake na akina mama wa maombi. Wakakifungua. Juu kabisa kuna ndoano imefungwa nywele nyeupe. Nywele za mama yake Rut, tuliyemzika juzi Makwale.

Mama mmoja akasema, "Nywele za marehemu kwenye ndoano? Haya ndiyo yaliyommaliza." Na Rut akaleta kiberiti. Rut, aliyeviona vile vidudu kila siku tangu utotoni. Kaleta mwenyewe.

Mzee karudi, kakuta majivu. Hakufoka. Kachuchumaa tu, anaokota ndoano moja moja, nyeusi tii.

Akasema, "Zile nywele alinipa mama yako alipokuwa anaumwa. Alisema miaka yote namwacha nyumbani, safari hii nimfunge kwenye ndoano twende wote mtoni."

Rut akamuuliza baba yake kwa sauti ndogo, "Tata, ulishaenda naye?"

"Bado. Nilikuwa nasubiri mvua, mbasa wapande mto."