Paa la Nyumba ya Kuchomea Maiti

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Nguzo ya sita imesimama. Nimeipima kwa timazi mara tatu, haina neno. Mchoro wa Mzungu wa Dar es Salaam hauna kuba, hauna nakshi, hauna hata tao. Paa bapa juu ya nguzo nyembamba, na kando dohani ya mraba inayopanda moja kwa moja. Mwanzoni niliona ni ubahili. Sasa naona hakuna pa kufichia kosa, na nimeanza kuipenda. Wahindu wa Tabora huchoma maiti zao porini kwa kuni, mvua ikinyesha ni balaa. Wanastahili nyumba hii.

Alhamisi, 6 Agosti
Mzee Yeremia wa kanisani kaja kazini. Nikamwamkia, hakuitikia.
"Fundi Elia, unawajengea watu jehanamu. Acha, au Meza ya Bwana uisahau."
Nimekasirika mno. Ukuta wa kanisa hilo niliujenga mimi. Siachi.
Nyumbani mke wangu Marta, mama wa binti yetu Roza, kanuna. Kisimani wanamwita mke wa mchoma watu.

Alhamisi, 13 Agosti
Paa tunalimwaga Jumamosi. Zege la paa hili halitaki kukatizwa. Likianza asubuhi liishe siku hiyo hiyo, la sivyo litapasuka pale la leo lilipokutana na la jana. Nahitaji watu arobaini. Nilikuwa nao. Leo wamebaki wanne. Mzee Yeremia kapita nyumba kwa nyumba akiwakataza. Nimetukana peke yangu kama mlevi. Mungu anisamehe, au asinisamehe.

Ijumaa, 14 Agosti
Baiskeli hadi kwa Shija, njia ya Urambo. Ni kiongozi wa chama cha kulima kwa ngoma. Akipiga, majembe yote yanashuka pamoja. Kiangazi hiki hawana shamba. Kakubali kuleta watu wake, kwa ujira wao wa siku zote: ng'ombe dume wa kuchinja. Nami nikaitikia, mjinga mimi.
Nikampelekea habari Bwana Kanji, mwenyekiti wa Wahindu. Akakaa chini.
"Elia. Ng'ombe? Kwa nyumba hii?"
Kwao ng'ombe hachinjwi. Nikarudi kwa Shija. Tumepatana mchele, dengu na debe la samli. Shija kacheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi, 15 Agosti
Tumemwaga. Ngoma tangu alfajiri. Mistari miwili ya watu kutoka penye mchanga hadi juu ya ngazi, makarai yanapita mkono kwa mkono kwa mdundo. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyesimama. Wimbo mmoja ulimsema Mzee Yeremia kwa jina. Sikuuzuia. Karai la mwisho limepanda jua likizama. Tumelifunika kwa magunia mabichi. Vidole havikunjiki. Nina furaha ya jeuri na sioni haya.

Jumatano, 2 Septemba
Tumebomoa mbao zilizoshikilia paa. Wengine niliwaondoa, nikasimama chini yake peke yangu. Niliogopa. Halikushuka hata upana wa unywele. Hakuna ufa.
Mzee Yeremia alikuwa barabarani anatazama. Nikamwamkia kwa sauti. Akaenda zake.
Jioni barua ya wazee wa kanisa: nimetengwa na Meza ya Bwana, nisile mkate wala kunywa kikombe, mpaka nitubu. Sina la kutubu.

Jumapili, 6 Septemba
Nimekwenda kanisani hivyo hivyo. Koti jeusi, benchi langu la mbele. Mzee Yeremia akaja na sahani ya mkate, akanipita, akampa aliyeketi kando yangu. Nikatazama mbele.
Kisha sahani ikavuka upande wa wanawake. Marta, ambaye hajasema neno jema juu ya kazi hii tangu ianze, akaipokea, akaishika kidogo, akampa jirani yake bila kumega. Kikombe kilipokuja, vivyo hivyo.
Tulipokaribia nyumbani akasema, "Baba Roza, nipeleke nikalione hilo paa."