Sogeza Goti, Gia Ipite

Mama,

Ejok? Najua ungejibu "ejok noi", nzuri sana, hata kama homa imekulaza, na ndiyo maana siku zile za mwisho tulichelewa kujua kwamba unaumwa kweli. Sisi hatujambo. Ekai, kitinda mimba wako, anakula vizuri na analalamika vizuri. Paka wako amehamia kwa jirani, hana shukrani hata kidogo. Nyumba ya Kanamkemer iko vilevile, ila upepo unajaza mchanga pale mlangoni ulipokuwa ukifagia mara mbili kwa siku. Mimi nafagia mara moja, tena kwa kununa.

Nakuandikia kwa sababu ya gari. Usikatae, ungeuliza habari za gari kabla ya habari zangu.

Tangu tukuzike, pikapu ilikaa chini ya mwarobaini miezi mitatu. Halafu Mama Furaha, yule mkimbizi Mkongo, mteja wako wa Kalobeyei, akanipigia simu. Alilia kwanza, kisha akasema: "Kama samaki ya mama yenu haitakuya tena, mutuambie tu, tutafute mwingine." Nikamwomba atuvumilie mpaka mwisho wa mwezi. Mama, kila Jumamosi, tangu mimi niko darasa la tano, ulibeba samaki wakavu kutoka Lodwar hadi Kakuma, halafu Kalobeyei. Kwa samaki hao tulisoma, tukavaa, tukawa watu. Uliijenga njia hiyo peke yako, mwanamke mmoja na usukani, na sasa ilikuwa inakufa kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeweza kuliendesha gari lako.

Unajua mwenyewe lilivyokuwa. Gia ziko kwenye usukani, kama magari ya zamani yote ya aina yake, na mkono wake ulikuwa umelegea mpaka unaning'inia. Ya kwanza ulikuwa unaibembeleza. Ya pili ulisukuma kidogo mbele, ukairudisha, ukaishusha mpaka kwenye goti la kushoto, na goti lenyewe ulilisogeza pembeni kuipisha. Ulinifundisha hivyo hivyo: "Sogeza goti, gia ipite." Mimi nikadhani magari yote duniani yako hivyo! Siku ya kwanza kuendesha gari la ofisini, kila nikibadilisha gia nilitanua goti. Dereva wetu akaniuliza kwa heshima zote kama nimekalia siafu.

Na gia zikinasa kabisa, ulishuka, ukafungua boneti, ukavuta vyuma kwa mkono mpaka vikaachana, ukapangusa mikono kwenye leso, safari ikaendelea. Hukuwahi kutukana. Mimi ningekuwa nimelipiga mawe.

Basi Ekai alijaribu kuliwasha. Injini ilikubali, gia zikakataa. Akaita fundi mmoja wa mjini, naye akatikisa kile kimkono mara mbili tu akasema giaboksi imekufa. Ekai akatafuta mnunuzi wa vyuma chakavu, wakakubaliana aje Ijumaa na lori lake. Sikumlaumu. Mtoto amechoka kuliona limekaa pale kila asubuhi anapotoka na bodaboda yake. Lakini nilikumbuka maneno yako, siku tuliyonasa karibu na Kakuma nami nikakwambia gari hili ni bovu. Uliniangalia kwa hasira ya kweli. "Hii gari si mgonjwa," ukasema. "Inaumwa magoti tu, kama mimi."

Jumatatu nikaomba ruhusa ofisini. Nikapiga jeki, nikaweka mawe nyuma ya matairi kama unavyotaka, nikatandika gunia na kulala chali chini ya gari lako. Joto la Lodwar unalijua, hata chini ya gari linakufuata. Nikaviona vile vyuma viwili virefu vinavyochukua amri kutoka kwenye usukani na kuipeleka kwenye giaboksi. Nikavishika. Vilicheza kama meno ya mtoto wa miaka sita. Kila kiungo kinatakiwa kuwa na bushi, kile kipete cha plastiki kinachokaa ndani ya tundu ili chuma kisiguse chuma. Ya kwanza ilikuwa imelika, imebaki ganda. Ya pili haikuwepo kabisa. Nikachomoa pini ya kiungo cha tatu, nikavuta, kikaniangukia kifuani kipande cha mpira mweusi.

Kilikuwa kimekatwa kwa kisu, duara safi, na katikati kina tundu lililotobolewa kwa moto. Upande mmoja kilikuwa na mistari ya tairi. Kiungo cha nne nacho kilikuwa na cha kwake.

Nikakichomoa nacho. Halafu nikatoka, nikaingia ndani, nikachukua akala zako, zile sandali za tairi, kutoka chini ya kitanda. Ile ya kushoto haina kisigino. Nikaweka vile vipande viwili pale palipokatwa. Mistari ikakutana.

Mama, nilikaa sakafuni nikalia kama mtu aliyepigwa.

Nakumbuka siku hiyo yote. Nilikuwa nafundisha chekechea Kakuma, nimeitwa mahojiano ya kazi Lodwar, saa nane mchana, na ukasema utanipeleka mwenyewe. Gari likafia kwenye laga, ule mto mkavu, kwenye mchanga mtupu, gia hazishiki popote. Nilitaka kukusaidia, ukanikataza. "Nguo ya kazi haiingii chini ya gari," ukasema, ukanituma nikasimame barabarani nitazame kama kuna lori linakuja. Nilisimama nikiiangalia saa na kukasirika. Uliporudi, masizi mpaka masikioni, ulikuwa unachechemea. Nikakuuliza una nini, ukasema barabara imekula kiatu. Ukacheka. Nami nikacheka, kisha nikakuhimiza tuondoke.

Tulifika saa nane kasoro dakika chache. Na pale langoni, hili sijawahi kulisema kwa mtu, nilikwambia ubaki ndani ya gari. Ulitaka kuja kunisindikiza mpaka kwenye benchi. Nilitazama akala yako isiyo na kisigino, nikawatazama wale wenzangu waliokuja na wazazi waliovaa viatu vya ngozi, nikasema, "Mama, jua ni kali, pumzika tu hapa." Ukasema sawa. Ulijua. Ninajua ulijua, kwa sababu ulivuta miguu yako chini ya kiti.

Nilipata kazi hiyo. Nimeipata kwa kisigino chako, na nilikuonea aibu kwa kisigino hicho hicho. Nisamehe. Ningekuwa nimekuomba mapema, lakini ningekuomba vipi wakati hukuwahi kuniambia? Hata ulipogombana nami, hata siku niliposema wewe hujui shida za ofisi, hukulitoa hilo mdomoni.

Kesho yake nilibeba kipande kimoja nikazunguka maduka ya spea. Wawili walinirudisha. Wa tatu, mzee mmoja wa kutoka bara, alikigeuza geuza kwenye mwanga, akaingiza kidole kwenye tundu, akauliza nani amekata. Alisema kimevumilia kuliko plastiki nyingi alizowahi kuuza. "Huyo fundi yuko wapi? Mimi namtaka hapa." Nikamwambia ni mama yangu, na amepumzika. Mzee akavua kofia. Akakipima kile kipande chako, hakufungua kitabu chochote cha vipimo, akaagiza bushi za kipimo hicho Kitale, na Alhamisi zikafika na basi.

Alhamisi hiyo hiyo, kabla jua halijashuka, nilizivalisha zote nne. Nilikwangua kutu kwenye matundu, nikapaka grisi, nikasukuma kila bushi kwa kidole gumba mpaka ikakaa, nikatia pini mpya. Kwenye giaboksi niliweka mikono yote miwili ya gia fri kwanza, yaani bila gia yoyote, ndipo nikafunga vyuma, maana hilo ulinifundisha: huwezi kunyoosha mkono wakati bega limepinda. Nilipomaliza, kile kimkono kilikuwa kimesimama wima kwenye usukani. Sijawahi kukiona kimesimama. Nilikiogopa kidogo.

Ijumaa asubuhi mnunuzi akaja na lori na minyororo, na Ekai akasimama kando amekunja mikono. Nikasema, ngojeni. Nikawasha. Ya kwanza ikaingia, gari likasogea. Nikafanya ulivyonifundisha: nikasukuma kidogo mbele, nikarudisha, nikasogeza goti, nikashusha. Gari likatetemeka likazima. Nikarudia, likazima tena. Mnunuzi akaanza kufungua mnyororo, na Ekai akasema kwa upole, "Dada, achana nayo. Ilikuwa ya Mama tu."

Nikaweka kichwa kwenye usukani. Na hapo nikaona goti langu, limetanuliwa pembeni, linapisha kitu ambacho hakiji. Ilikuwa ya pili ile ninayoitafuta, lakini nilikuwa naingiza ya nne! Gia zilikuwa zimerudi kwao, mahali zilipozaliwa. Mkono wangu ndio ulikuwa bado unazitafuta kwako. Miaka yote ile ya kulegea, wewe ulihama na gari taratibu, likishuka kidogo unashuka nalo, mpaka ukaifanya njia yako mwenyewe ndani ya ubovu, na ukatufikisha kila mahali. Sijui mtu mwingine anayeweza hivyo.

Nikawasha tena. Ya kwanza. Kisha nikashusha mkono moja kwa moja, bila kuzunguka popote. Ya pili ikaingia bila kelele. Nikatoka getini, nikaenda mpaka karibu na Nawoitorong, ya tatu, ya nne, nikageuza, nikarudi. Mnunuzi alikuwa ameshakunja mnyororo wake. Alinipa mkono, mtu mzima yule, akasema gari ni zuri.

Kisha nikashuka nikampa Ekai ufunguo. Hajawahi kuliendesha, unajua, ulijaribu kumfundisha akashindwa, akasema lina mashetani. Aliendesha mpaka mwisho wa barabara. Aliporudi hakushuka mara moja, na sikumsogelea mpaka alipomaliza kulia.

Jumamosi tulikwenda wote. Mama Furaha alisikia mlio wa injini kabla hajatuona, akatoka dukani na mikono juu, akiita jina lako. Halafu akatuona sisi. Alitukumbatia hivyo hivyo, bila kushusha mikono. Samaki waliisha kabla ya saa sita.

Vile vipande viwili vya akala nimeviweka kwenye kisanduku cha mbele, pamoja na spana na pini, kwa sababu siku moja tutakwama tena na vitahitajika. Akala zenyewe ziko chini ya kiti cha dereva, pale pale ulipoivuta miguu yako.

Pumzika sasa, Mama. Jumamosi usiwe na wasiwasi nazo, ni za Ekai na mimi. Na nakuahidi hili: yeyote atakayenisindikiza ofisini, ataingia nami mpaka kwenye benchi, na viatu alivyo navyo. Ekai ananicheka nikiendesha, anasema gari limepona lakini mimi bado. Mwache acheke. Gia haipiti tena hapo, najua, lakini goti nitaendelea kulisogeza.

Binti yako,
Akiru