Homa Inashuka

Baraka, tarehe 9 Machi 1957

Kwako kaka yangu mkubwa, yaya Placide,

Pokea salamu za mdogo wako Immaculée. U mzima huko Kigoma? Kazi ya bandarini haikuchoshi? Sisi huku tunamshukuru Mungu kwa pumzi tuliyo nayo.

Maneno ya Kiingereza uliyonitumia yalifika, yale ya vitu vinavyopanda, vinavyoshuka na vinavyobadilika. Nikienda kuteka maji nilikuwa ninayatamka kwa sauti: ziwa limepanda, bei ya pamba imeshuka, mvua zinapungua. Baba alinicheka, eti ninalia kama bata. Lakini jirani wakija, aliniita niwatamkie.

Mwezi uliopita Baba alinyeshewa katika shamba la pamba, akashikwa na kichomi. Tulimpeleka dispanseri ya misheni. Muuguzi wa pale ni mama Mwingereza aliyefika juzi tu, Kiswahili hajui, na mfasiri wake alikuwa amekwenda Fizi. Nikawa mimi ndiye ninayefasiri. Alipouliza kama homa imepanda au imeshuka, nilijibu bila kubabaika. Mama yetu aliwaambia bamama waliokuwa wakiuguza karibu nasi, "Huyu ni mutoto yangu."

Alhamisi ya wiki iliyopita, mchana, muuguzi alimshika Baba mkono, akasema polepole, "He is sinking." Neno hilo nililijua ni kuzama, kama mtumbwi. Nikafikiri anasema homa inazama, yaani inakwenda chini. Mama akaniuliza, "Anasema nini?" Nikajibu, "Mama, homa iko inashuka."

Mama alipiga kigelegele. Akakimbia nyumbani kupika ugali na samaki wa mikeke, kwa kuwa Baba ataamka na njaa. Muuguzi alimtazama akienda.

Yaya, Baba yetu hatuko naye tena. Alikata roho Mama akiwa jikoni. Alimwita, "Félicité, Félicité," nami nikamwambia anakuja. Tulimzika Ijumaa. Niliwaomba watu wa mashua zinazokuja Kigoma wasikuambie lolote kabla ya barua hii. Baada ya maziko muuguzi alinieleza kwamba Waingereza wakisema hivyo juu ya mgonjwa, ni uhai wake unaoondoka.

Mama alikuwa akimlaani muuguzi mbele za watu, kwamba alimdanganya. Jana nilishindwa kuvumilia, nikamwambia muuguzi alisema kweli, ni mimi niliyekosea. Hakunipiga. Aliuliza tu kama Baba alimwita. Nikasema ndiyo. Tangu hapo hasemi nami. Chakula nikimpelekea, anakiacha palepale hadi kinapoa.

Njoo, yaya, hata kwa siku chache. Nyumba hii siiwezi peke yangu. Wifi Marie umpe pole yangu. Watoto waache wale kwanza, ndipo uwaambie.

Ni mimi mdogo wako,
Immaculée