Mahindi Mekundu ya Matanga

Djamila, shika simu! Hushiki, basi nakuachia ujumbe huu wa sauti.

Ile programu niliyoandikia koperative yetu hapa Kasongo, jana imetoa magunia mawili ya msaada wa chakula kwa matanga ya mwanachama kule Wamaza. Imetoa MBEGU. Yale mahindi mekundu, yaliyopakwa rangi kwa kuwa yana dawa ya kuua wadudu.

Mbegu, Djamila. Kwa watu wa kilio.

Kosa ni langu. Mahindi ya kula na ya kupanda yote iko kwenye gunia, yote inapimwa kwa kilo, basi nikafanya klasi ya Mbegu irithi klasi ya Chakula, yaani mbegu ihesabiwe ni aina moja ya chakula. Nikajisifu eti nimeandika mistari michache! Chakula kilipoisha depo, programu ikahesabu mbegu kuwa chakula. Imefanya vile nilivyoiambia.

Na Papa Magloire wa depo alinionya: "Andika kwamba mbegu yenye dawa hailiwi." Nikacheka! Nikamwambia, "Papa, hiyo kila mutu anajua." Kila mutu. Programu ni mutu?

Jana Papa alikuwa safarini Kabambare. Wapakiaji walifuata tu karatasi iliyotoka kwenye programu.

Wamaza rezo ya simu ni ya kubahatisha. Nimempigia Nourdine, mwenye pikipiki aliyepeleka magunia, mara ishirini. Sasa hivi amepanda kilima, amenipigia yeye:

"Dada Olga, usihangaike. Ule wekundu hata sisi tuliuona. Wamama wameosha mara tatu, umetoka wote. Wameshatwanga, maji ya ugali iko motoni."

Nikapiga kelele wasile, rangi imetoka lakini dawa imebaki!

Rezo ilikuwa imeshakatika.