Barabara Isiyo na Ngamia

Garissa, 11 Agosti 2025

Ndugu yangu Abdinasir,

Assalamu alaikum. Mama hajambo, na mbuzi wa shangazi Arbia amezaa mapacha. Barua hii nampa Faduma, anayepanda basi la kesho kuja Nairobi, kwa sababu humu nyumbani simu yangu inasikiwa na kila mtu.

Uliuliza kama mchezo wa video wa magari uliomtumia mdogo wetu Abdiwali unafaa. Unafaa. Tangu tumzike kaka yetu Guled, hakucheka hadi alipoushika. Ni nchi nzima iliyo wazi: anaacha lami, anapanda mlima, anavuka mto, hakuna wa kumzuia.

Ubaya wake ni kwamba gari likigonga ukuta linajinyoosha papo hapo. Na barabarani hamna hata ngamia mmoja.

Jumamosi Abdiwali ataendesha pikapu ya mjomba hadi Modogashe, peke yake, mara ya kwanza. Nilimsihi aende polepole.

"Abaayo, dada yangu, una woga kama kuku," akasema. "Mwendo naujua."

"Na ngamia?"

"Nitapiga honi, watapisha."

Guled naye alipiga honi. Ngamia jike alikuwa ameshavuka, lakini ndama wake alibaki ng'ambo, na mama akarudi mbio kumfuata, moja kwa moja mbele ya gari la Guled. Mchungaji aliyeona ndiye aliyenisimulia. Nimeshindwa kulitamka jambo hilo mbele ya Abdiwali.

Wewe anakusikiliza. Mpigie kabla ya Jumamosi, umweleze yote, na akiona ndama asimame kabisa.

Ukimwombea Guled, unikumbuke na mimi.

Dada yako,
Deka