Tovuti Inasema Asante, Ujumbe Haufiki

Mpendwa mshauri, niokoe kabla kompyuta haijanivunjia ndoa. Mimi ni fundi wa tovuti, kazi niliyojifunza mwenyewe, na nilimtengenezea mama mkwe tovuti ya duka lake la magauni ya harusi, bure, kwa moyo mweupe kabisa, ina picha nzuri na fomu ambayo bibi harusi anajaza jina, barua pepe na siku anayotaka kuja kupimwa, akibonyeza tuma anaandikiwa "Asante, ujumbe wako umefika", kisha skripti, programu ndogo niliyoiandika kwa mkono wangu, inaupeleka kwenye barua pepe ya duka, ambayo husomwa na shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, anayekaa kaunta. Basi mabibi harusi wakaanza kuja juu, wanadai waliandika na hawakujibiwa, mmoja akalia mbele ya kioo kwa sababu gauni lake lilikuwa bado jora la kitambaa, mama mkwe akasema shemeji anafuta ujumbe kwa uvivu, shemeji akaapa hajaona kitu, tukaitwa kikao cha familia, nami nikiulizwa kama mtaalamu nikasema nimeijaribu fomu mara nyingi kwa kujaza anwani ya duka na kila mara ujumbe umefika, kwa hiyo mitambo ni mizima.

Shemeji akanyang'anywa funguo za duka, sasa anakaa kwetu, hasemi nami, na mke wangu naye ananijibu kwa kuguna. Juzi nimegundua kuwa ujumbe wa wateja bado hauji, ila sijamwambia mtu. Nadhani ni kampuni ya seva inayohifadhi tovuti, maana seva yenyewe tunachangia na tovuti nyingine kibao na huenda majirani wameichafulia jina. Kijana wao wa huduma alinipa maelekezo ya kubadilisha skripti yangu, nikaona ananidharau. Je, nihamie kampuni nyingine, au nitengeneze kimyakimya yaishe bila aibu?

Fundi Mwenye Msongo

Fundi, pole. Hiyo pole ni ya shemeji yako, umfikishie.

Barua yako nilimsomea dada anayetunza tovuti ya gazeti hili, akaniomba nirudie pale penye majaribio ili acheke vizuri. Anasema dalili zote zinaonyesha kwamba skripti yako inaandika anwani aliyojaza mteja kama mtumaji wa kila ujumbe. Yaani seva ya kuchangia, isiyomjua bibi harusi wala mchumba wake, inabisha hodi ikidai kuwa imetumwa na barua pepe yake. Upande wa pili, wanaolinda barua pepe ya duka wanaona utapeli, wanautupa ujumbe. Ulipojaza anwani ya duka, duka lilikuwa linajiandikia lenyewe kutoka kwake, likafunguliwa mlango. Hongera, umethibitisha kwamba mama mkwe anaweza kujiandikia barua.

Majirani wa kwenye seva wana makosa yao, hili ni lako. Usihame. Yule kijana aliyekudharau alikuwa anakusaidia bure, kama wewe ulivyomsaidia mama mkwe, tofauti ni kwamba yeye anajua kazi. Mtumaji awe anwani ya duka, na skripti iingie kwa neno la siri la anwani hiyo. Anwani ya mteja iwekwe kwenye sehemu ya kupokelea majibu. Ile "Asante" itokee pale tu seva inapokubali kuuchukua ujumbe, na hata hapo iseme umetumwa, isiseme umefika. Kisha jaribu kwa anwani za watu wa nje, za kampuni tofauti. Ni kazi ya mchana mmoja, hata kwa mtaalamu wa kiwango chako.

Lakini usiiguse kwanza. Ukiitengeneza kimyakimya, ujumbe utaanza kumiminika baada ya binti wa watu kufukuzwa, na mama yake atasema, "Nilijua tu." Binti ataitwa mvivu maisha yake yote, na wewe utaendelea kuitwa mtaalamu. Inaniudhi kwamba umeniuliza habari za aibu yako, yake hukuiuliza.

Kwa hiyo kesho nenda dukani na mkeo na shemeji. Mama mkwe aijaze fomu mwenyewe, kwa barua pepe yake binafsi, abonyeze tuma. Tovuti itamwambia asante, ujumbe wako umefika. Kaeni hapo mngoje. Atakapouliza ujumbe uko wapi, usimtazame shemeji. Jibu wewe.