Bomba Namba Nane

Jumatatu, 3 Machi
Mabomba manane, chupa nane, na saa nne asubuhi nilishamaliza! Binti wa maabara kaniuliza kama natembea au naruka. Nikamwambia mji huu nausoma kwa ulimi — nipe funda moja nikutajie bomba, mtaa, na nani kaoga jana. Kacheka mpaka kaweka chupa chini. Shule niliacha darasa la sita, lakini wenye digrii zao hawaanzi kazi mpaka nifike mimi.

Ukweli, maana hapa tuko mimi na daftari tu: chupa zote nimejazia bomba la getini, hapa hapa ofisini. Namba nane iko juu kilimani, ngazi mia mbili na kumi na moja. Goti langu limezihesabu. Na maji si yaleyale, tangi lilelile? Mwaka wa sita huu. Hakuna aliyekufa.

Jumatano, 5 Machi
Mpwa wangu kapiga simu: mama yake, yaani dada yangu mkubwa, anaharisha tangu Jumapili. Wanakaa hukohuko juu. Nimepanda. Nusu ya uchochoro wanaumwa tumbo.

Mpwa anachemsha maji, dada hayataki. Yananuka moshi, anasema, na ya nini kuchemsha wakati mdogo wake ndiye mpimaji? Hata majirani yeye ndiye huwatuliza: kunyweni tu, mdogo wangu kashayaonja. Maneno yangu hayo. Nilimwambia bomba lake nalipima mara mbili, kwa heshima yake.

Begi nilikuwa nalo. Nikatoa kidonge cha kupimia dawa — maji yenye dawa ya kuua vijidudu hugeuka pinki. Ya getini huwa pinki kama kucha za bibi harusi. Nikakinga maji ya namba nane, nikatia kidonge, nikatikisa. Meupe. Kidonge kingine. Meupe pepe. Mpwa ananitazama. Nikamwambia vidonge vimeisha muda wake.

Halafu nikachukua chupa. Nikaunguza mdomo wa bomba kwa moto, nikaacha maji yatiririke, nikajaza bila kugusa kizibo kwa ndani. Kama nilivyofundishwa. Jioni nikaipeleka maabara.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu. Vijidudu vya kinyesi. Binti wa maabara kasema aliacha kuhesabu, sahani ya kupimia imejaa. Hakunitania leo.

Bosi kaniita, kafunga mlango. Kafungua faili: namba nane, safi, safi, safi, kila wiki, saini yangu chini. Kasema ili kufunga maji na kutangaza kilimani, wakubwa watauliza faili linadanganya au chupa. Hapo ndipo pa kusema. Nikafungua mdomo — nikamweleza habari ya kambare! Yule niliyemtoa tangi kuu kwa mkono mmoja, mzito kuliko mlinzi wa geti. Na sharubu zake nikaeleza. Bosi kangoja nimalize.

"Mzee, hiyo chupa umeichafua mwenyewe," kasema, taratibu kabisa. "Jumatatu kachote nyingine. Palepale unapochota siku zote."

Kumbe anajua.

Nikajibu sawa bosi. Sijawahi kusema maneno machache hivyo ofisini.

Jumamosi, 8 Machi
Kule juu wamezika. Fundi viatu, nyumba ya tatu kutoka kwa dada.
Nimeufuta ule mstari wa mwisho wa Jumatatu. Bado unasomeka.

Jumapili, 9 Machi
Mchana. Naandika nikiwa kwenye kigoda, kando ya kitanda cha dada. Amebaki macho. Ukiifinya ngozi ya mkono inabaki imesimama. Mganga wa zahanati kasema anywe, anywe tu, maji ya kuchemsha yenye chumvi na sukari. Akipewa anafunga midomo.

Mpwa kanivuta jikoni. "Mjomba, atakusikiliza wewe tu. Mwambie ya bomba ni mabaya."

Nimejaribu. Nikasema dada, kunywa haya, bomba lina kutu kidogo. Kacheka bila sauti. Kutu haijamuua mtu, kasema, na mdogo wangu hajawahi kunidanganya. Akasinzia.

Kesho Jumatatu. Chupa nane tupu ziko begini. Nikichota getini, namba nane itakuwa safi tena. Nikichota huku, bosi ataimwaga. Nikisema, faili lote ni langu, na kifo cha fundi viatu ni changu.

Dada kaamka. Jagi la kuchemsha analisukuma kwa kiwiko. Kanyoosha kikombe kitupu, si kwa mwanawe, kwangu.

"Nichotee yale yako," kasema.

Mpwa kasimama mlangoni, mikono kifuani. Nimewaambia wanisubiri kidogo, naandika mambo ya ofisi, nikimaliza mstari huu nitasema. Nitasema. Kikombe bado kiko hewani, na mimi bado naandika kwamba nikimaliza mstari huu